Dirisha la Kuonea Mawingu: Tuchague Lipi?

Mapema mwezi wa Mei mwaka 2024, picha ya wingu kubwa jeupe lililotanda juu ya Bahari ya Hindi ilipita katika simu za watu wengi wa pwani yetu. Wingu hilo lilikuwa Kimbunga Hidaya. Kila aliyeitazama picha aliogopa, lakini swali alilojiuliza halikuwa na jibu mle pichani: je, kinakuja au kinakwenda? Picha moja haisemi. Ilihitajika picha ya saa nane, na ya saa nane na robo, na ya saa nane na nusu, zipangwe na kupitishwa mbele ya macho moja baada ya nyingine, ndipo mtazamaji atambue kwamba wingu linajizungusha, na kwamba linaelekea pwani ya Tanzania. Kimbunga hicho kilitua katika Kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei, kikadhoofika.

Sisi wanaisimu tunalifahamu vyema jambo hili. Mzizi wa kitenzi hautoshi kutoa habari. Ukiambiwa "mvua" na "kunya" bado hujui kama uanike nguo au uzianue. Ni vile viambishi vidogo, -li-, -na-, -ta-, vinavyokupa wakati na mwelekeo wa tendo. Picha ya kisayansi isiyosogea ni mzizi usio na kiambishi cha wakati. Ikisogea, inakuwa sentensi kamili.

Nayasema haya kwa sababu walimu wawili wa sayansi kutoka sehemu za Mwakirunge, bara ya Kisauni, walinijia na ombi. Pamoja na wanafunzi wao walikusudia kutunga programu ndogo ya kompyuta ya kuonyesha picha za mawingu zikisogea, ili somo la jiografia lipate macho, na wazazi ambao ni wakulima wapate kujionea mvua ya masika ikitambaa kutoka baharini. Walitaka niwapatie maneno ya Kiswahili ya kuandika kwenye vitufe. Hata hivyo, kabla ya maneno walikuwa na mzozo mwingine. Mwalimu mmoja alitaka programu iandikwe kwa ajili ya mfumo wa madirisha wa kampuni ambao tayari umo katika mashine mpya za ofisi. Mwenzake alishikilia mfumo huria, usiolipiwa, ambao huendesha hata zile kompyuta kuukuu walizopewa kama msaada. Mwanafunzi mmoja akadai kwamba yote mawili ni kazi bure, na kwamba kivinjari cha intaneti kinatosha.

Nilivutiwa na mzozo huo, kwa kuwa ulivyo si mzozo wa mafundi peke yao. Ni suala la kuchagua lugha, na hilo ni suala ambalo sisi wa pwani tunalo historia yake.

Kwanza tueleze tunachozungumzia. Mfumo wa madirisha ni ile sehemu ya kompyuta inayogawa kioo kwa programu mbalimbali, ikaamua nani achore wapi, dirisha lipi lifunike jingine, na kipanya kikibofywa habari ipelekwe kwa nani. Ni kama nyapara wa soko anayempimia kila mchuuzi mahali pa kutandaza bidhaa zake. Programu haichori kwenye kioo moja kwa moja, humwomba nyapara. Nayo humwomba kwa lugha ambayo nyapara huyo anaielewa. Ukibadilisha nyapara, yakupasa ujifunze lugha nyingine.

Katika miaka ya 1980 wanyapara walikuwa wengi, na kila kampuni ya kompyuta ilikuwa na wake. Mwaka 1984, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, Robert Scheifler na Jim Gettys walianza kujenga mfumo ulioitwa X. Uliitwa hivyo kwa kuwa ulirithi mfumo mwingine uliojulikana kama W, na X ndiyo herufi inayofuata. Toleo la kumi na moja lilitoka Septemba 1987, nalo ndilo lililoenea duniani. Shabaha yake ilikuwa kwamba programu ikokotoe katika mashine moja na dirisha lifunguke katika mashine nyingine, hata kama mashine hizo zimetengenezwa na kampuni tofauti. Mwanasayansi aliyekuwa na kompyuta kubwa katika jengo la mbali aliweza kuyaona matokeo akiwa mezani pake.

Hapa wanafunzi wa isimu watafurahia jambo moja la kimsamiati. Tumezoea kuiita "seva" ile mashine kubwa iliyojificha chumbani. Katika mfumo wa X, seva ni ile iliyo mbele ya macho yako, na programu inayokokotoa kule mbali ndiyo mteja. Wengi hulalamika kwamba majina yamepinduliwa. Lakini fikiri kidogo: mwenye kioo, kibodi na kipanya ndiye mwenye duka. Anayekuja kuomba mahali pa kuchora ndiye mnunuzi. Jina ni sahihi. Tulichozoea ndicho kilichotupotosha.

Mshindani mkuu wa X aliitwa NeWS, mfumo wa kampuni ya Sun uliobuniwa na James Gosling na David Rosenthal. Gosling ndiye yule yule ambaye baadaye aliibuni lugha ya Java. Wajuzi wengi walikiri kwamba NeWS ulikuwa na ufasaha kuliko X. Ulichora kwa lugha ya PostScript, ile itumiwayo na mitambo ya kuchapia, hivyo mistari iliyopinda na herufi zilitokea kwa unadhifu mkubwa. Aidha, programu iliweza kutuma sehemu ya akili yake ikakae upande wa kioo, isisumbue mtandao kwa kila jambo dogo. Licha ya uzuri huo, NeWS ulishindwa. Msimbo wa X ulitolewa bure. Kila kampuni iliuchukua na kuufanya wake bila kumwomba mtu ruhusa. NeWS ulikuwa mali ya kampuni moja, na washindani wa kampuni hiyo hawakutaka kuijenga nyumba yao katika kiwanja cha mwenziwe.

Msomaji wa Mombasa asione ajabu. Mwaka 1928, katika mji huu huu, ulifanyika mkutano wa kuamua ni lahaja ipi itakuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita kilikuwa na hadhi ya fasihi iliyokomaa. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kusafiri na misafara ya biashara hadi maziwa makuu na Kongo. Kilichochaguliwa ni Kiunguja, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kukisanifisha. Hapana msomi anayeweza kudai kwamba Kimvita kilishindwa kwa kukosa ufasaha. Kilishindwa kwa sababu usanifishaji hutafuta kinachofika mbali.

Kila usanifishaji hudai malipo. Mzawa wa Mombasa hutofautisha "paa" la nyumba na "paa" wa porini kwa pumzi anayoitoa kwenye sauti ya kwanza. Maandishi sanifu hayana alama ya pumzi hiyo. X nao ulikuwa na mapungufu yake, na hakuna aliyeyasikia machungu yake kama watu waliotaka kuonyesha picha za kisayansi zinazosogea.

Tupige hesabu. Picha yenye pikseli 1,000 kwa 1,000, ikiwa kila pikseli inachukua baiti moja, ni baiti milioni moja. Mtandao wa Ethernet wa miaka ile ulibeba biti milioni 10 kwa sekunde, yaani takribani baiti milioni moja na robo, na hapo ni pale usipokuwa na msongamano wowote. Kwa hiyo ilipita picha moja kwa sekunde. Jicho linahitaji picha kumi au zaidi katika sekunde hiyo hiyo ili liamini kwamba kitu kinatembea. Mawingu yaliyotakiwa kutiririka yalikuwa yakirukaruka kama chura.

Mafundi walitafuta njia. Ya kwanza ilikuwa kupeleka picha zote mapema na kuzihifadhi upande wa kioo, kisha kutuma amri fupi tu: onyesha ya kwanza, onyesha ya pili. Ni sawa na kumpa mwimbaji daftari zima badala ya kumpelekea kila ubeti kwa posta. Ya pili ilihusu programu na kioo vilivyo katika mashine moja: vikaruhusiwa kutumia kumbukumbu moja, bila kunakili picha kutoka huku kwenda kule. Watu wa pwani wataielewa mara moja, kwani ni kula katika sinia moja badala ya kupakuliana sahani kwa sahani. Ya tatu ilikuwa kuchora picha mpya mahali palipofichika, na ikiisha kukamilika ndipo ibadilishwe na ya zamani kwa mkupuo. Mwalimu mwenye mbao mbili anaweza kuandika kwenye ule wa nyuma huku darasa likisoma wa mbele. Pasipo mbinu hiyo, mtazamaji huona nusu ya wingu la saa nane na nusu ya wingu la saa nane na robo katika kioo kimoja, na huo ni uongo wa kisayansi.

Halafu kulikuwa na rangi. Vioo vingi vya zama hizo viliweza kuonyesha rangi 256 tu kwa wakati mmoja, na rangi hizo ziligawanywa baina ya madirisha yote. Ukikisogeza kipanya kwenye dirisha la mawingu, rangi za dirisha la barua zilivurugika; ukirudi kwenye barua, mawingu yalivurugika. Katika picha ya arusi, rangi ikiharibika utacheka. Katika picha ya setilaiti, rangi ni kipimo. Wekundu huweza kumaanisha kilele cha wingu lenye baridi kali na mvua nyingi, na buluu ikamaanisha bahari iliyotulia. Zikibadilishana, hatari imesomwa kuwa salama.

Kasoro hizi nyingi zimetibiwa. Mwaka 2008 Kristian Høgsberg alianzisha mfumo wa Wayland, ambao moja ya nguzo zake ni kwamba kila picha ifikayo kiooni iwe imekamilika, na umekuwa ukishika nafasi ya X katika kompyuta nyingi zinazotumia Linux. Hivyo swali la walimu wetu si tena kama mfumo fulani unaweza kuonyesha mawingu yakisogea. Wote wanaweza. Swali ni upi utakaokuwapo baada ya miaka ishirini, na utamruhusu nani aingie.

Na kwa swali hilo, Mwakirunge ni mahali pazuri pa kufikiria. Ndiko taka za mji wa Mombasa zinakomwagwa. Katika lile jaa, baina ya plastiki na maganda ya nazi, mtu huweza kuliona ganda la kioo cha kompyuta ambalo hapo zamani lilikuwa fahari ya ofisi fulani. Mashine hufa, na hilo halizuiliki. Linalosikitisha ni pale maarifa yanapotupwa pamoja nayo, kwa kuwa yaliandikwa kwa lugha ambayo mashine hiyo peke yake iliielewa.

Mifano ipo. Wayne Rasband wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani alitunga mwaka 1987 programu ya kuchambulia picha za kisayansi iliyoitwa NIH Image. Ilipendwa sana, lakini ilifungwa kwa kompyuta za Macintosh. Mwaka 1997 aliiandika upya kwa Java akaiita ImageJ, nayo ikaendeshwa katika mashine za kila namna. Wanabiolojia wanaitumia hadi leo. Mfano wa pili unawagusa walimu zaidi. Mradi wa PhET ulianzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, na ukatoa maonyesho mengi ya fizikia na kemia yanayosogea. Mengi yaliandikwa kwa Java na kwa Flash. Kampuni ya Adobe, mwenye Flash, iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Maonyesho ya kisayansi yasiyohesabika duniani yakazimika. PhET ilinusurika kwa kuwa ilikuwa imeanza kuyaandika upya maonyesho yake kwa lugha ya vivinjari, ambayo haimilikiwi na kampuni moja. Walimu wasiokuwa na uwezo wa kuandika upya walibaki na vibandiko vya kijivu mahali palipokuwa na somo.

Tazama basi jinsi historia inavyojirudia. Mtandao wa kurasa uliobuniwa na Tim Berners-Lee ulitolewa na kituo cha CERN kwa umma, bila malipo, tarehe 30 Aprili 1993. Kivinjari cha Mosaic, kilichoueneza, kiliandikwa kwanza kwa ajili ya X. Kwa maneno mengine, dirisha lililofunguka ndani ya X ndilo lililokua hadi likawa mfumo wa madirisha wa dunia nzima.

Kwa hiyo, katika mzozo ule, mimi namuunga mkono mwanafunzi. Programu ya kuonyesha mawingu iandikwe ifunguke katika kivinjari. Itaendeshwa katika mashine mpya ya ofisi, katika kompyuta kuukuu ya msaada, na katika simu ya mzazi. Wala haihitaji intaneti wakati wote, kwani kurasa na picha zikihifadhiwa ndani ya mashine hufunguka hata siku ambayo hakuna mtandao. Wanaotaka kasi ya juu kabisa watanung'unika, na wana haki: mtu anayeshughulikia picha ghafi za setilaiti za Meteosat, zenye pikseli 3,712 kwa 3,712 na kuja kila baada ya dakika 15, atataka programu iliyo karibu zaidi na mashine. Lakini darasa linalotazama picha 96 za siku moja, zilizopunguzwa zikatosha kioo, halihitaji hayo.

Naongeza sharti moja. Walimu wasiifunge sayansi ndani ya dirisha, hata kama dirisha hilo ni la kivinjari. Picha zihifadhiwe katika miundo ya kawaida inayofunguliwa na programu yoyote, na kila moja iwe na tarehe na saa yake. Hesabu ziandikwe mahali pake, na uchoraji mahali pake. Dirisha likifa, litabomolewa dirisha peke yake na nyumba ibaki.

Sasa maneno, ambayo ndiyo yaliyowaleta. Kitufe cha kuanzisha mwendo, Kiingereza hukiita kwa neno la mchezo, na watafsiri wengi wameandika "cheza". Lakini mawingu hayachezi, na wala mwanafunzi hachezi nayo. Nimependekeza "endesha", na cha kusitisha kiwe "simamisha". Kitufe cha kuzirejelea picha tangu mwanzo, wengine walitaka kiwe "zungusha". Nimekikataa, maana kimbunga chenyewe huzunguka, na mtoto atadhani kitufe ndicho kinachokizungusha. "Rudia" inatosha. Na tarakilishi iwe tarakilishi au kompyuta, hilo lisitupotezee siku.

Zaidi ya istilahi kuna sarufi. Programu nyingi hutengeneza wingi kwa kuongeza herufi moja mwishoni mwa neno, kama Kiingereza kifanyavyo. Kiswahili hakikubali. Wingu moja limeonekana, mawingu matatu yameonekana. Kimbunga kimepita, vimbunga vimepita. Badiliko huanza mwanzoni mwa nomino na kukitawala kitenzi. Kwa sababu hiyo maneno yote ya programu yawekwe katika faili ya peke yake, sentensi nzima nzima, umoja na wingi, mahali ambapo mwalimu wa Kiswahili asiyejua kutunga programu anaweza kuyarekebisha. Mfumo wa madirisha usioruhusu hilo ni mfumo unaotutaka tuingie kwa lugha ya mwenye nyumba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, kupitia mradi wa Kilinux, kiliweza kwa sababu msimbo wa programu hiyo ulikuwa wazi.

Yamkini wapo watakaosema kwamba haya ni makubwa mno kwa shule ya pembezoni mwa mji, karibu na jaa. Nawakumbusha kwamba setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani kurushwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970. Kwamba mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa PUMA ulizipatia idara za hali ya hewa za Afrika, pamoja na yetu, mitambo ya kupokelea picha za Meteosat. Kwamba mwaka 2022 Meteosat-9 iliwekwa juu ya Bahari ya Hindi, karibu na longitudo yetu. Picha za mawingu yetu zimekuwa zikipigwa mchana na usiku. Kilichopungua ni dirisha ambalo mtoto wa Mwakirunge anaweza kulifungua mwenyewe, akasoma kilichoandikwa humo kwa lugha yake, na akamweleza babaye kama mvua inakuja au inakwenda.

Walimu na wanafunzi, mkichagua dirisha, msiulize tu ni lipi linalong'aa leo. Ulizeni ufunguo wake anao nani.